Saini Aliyoiweka Bila Kuangalia

Binti yangu alifika nyumbani Kasulu siku ya Jumatano, hakupiga simu, na begi lake lilikuwa moja. Mtu mwenye kazi haji nyumbani Jumatano. Nikamwambia pale pale mlangoni, kabla hajapiga goti kuniamkia: "Umefukuzwa."

"Bado, baba. Shikamoo."

Sikuitikia mpaka alipokaa.

Mimi niliishia darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza. Ufundi niliupata chini ya malori yaliyokuwa yanapeleka chakula kambi ya wakimbizi ya Mtabila, enzi Warundi wamejaa kule. Gereji yangu nimeijenga mwenyewe, na asije mtu akasema alinisaidia. Watoto wangu wa kiume ni wawili, mmoja anauza vocha, mwingine anauza maneno. Huyu wa kike ndiye aliyekubali kulala chini ya gari. Akasoma, akafika Dar es Salaam, akawa fundi wa ndege, tena ndege kubwa za abiria. Niliwaambia watu wote. Stendi niliwaambia, na kwetu Kibondo nilisema msibani na harusini, hata pasipokuwa na aliyeuliza. Walimu waliohamishiwa huku walikuwa wanakuja na pikipiki zao, wananisemesha taratibu kama mtu mgonjwa wa masikio. Hao nao niliwatupia hilo usoni.

Sasa amekaa anatazama sakafu.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Kwenye injini ya ndege kuna kizibo cha oili. Kikifunguliwa, hakirudishwi mpaka kiwekewe sili mpya, ile pete ya mpira. Na kule kwao fundi mmoja akifunga, kazi haijaisha. Mwingine anakuja kuiangalia kwa macho yake, halafu wote wawili wanatia saini. Siku hiyo aliyefunga ni fundi mkongwe, mtu wa umri wangu, ndiye aliyempokea binti yangu kazini na kumfundisha mengi. Alifunga bila sili. Akaita: "Binti, njoo uweke saini, tukanywe chai." Binti akawasha tochi. Mzee akamtazama. "Unanikagua mimi? Hivi vizibo nimeanza kuvifunga hujazaliwa."

Binti akazima tochi, akasaini.

Kesho yake ndege ikaruka na watu wake. Oili ikamwagika yote huko juu. Rubani akazima injini ile, akarudi kwa ile moja iliyobaki. Hakuna aliyeumia. Wakubwa wakataka maelezo ya maandishi kwa kila aliyesaini, yawafikie Jumatatu, na hapo leseni ya mwanangu ndipo ilipokuwa inaning'inia.

"Mzee ameshaandika ya kwake," akasema. "Kaandika kwamba sili aliiweka, ila ilikuwa mbovu, ikakatika. Na mimi ananiambia niandike kwamba niliiona."

"Basi andika uliiona."

"Sikuiona, baba. Haikuwepo. Mwenyewe ameniambia kwenye simu kwamba aliikuta mfukoni mwa ovaroli."

"Nani atajua?"

"Watakagua sili zote za aina ile, wapoteze muda kwenye sili nzima. Na yeye kesho atafunga injini nyingine."

Yule mzee nilikuwa simpendi tangu zamani, maana binti yangu alikuwa anamwita baba. Lakini siku hiyo nilimwona ana akili kuliko mwanangu. Nikamwambia: "Nimekulea uwe fundi, hukulelewa kuwa shahidi. Shule imekuharibu."

Akainua macho. "Shule ilinifundisha kuwasha tochi. Aliyenifundisha kuizima ni wewe."

Nilinyanyuka. Mama yake akaingia katikati, akasema chakula tayari, nani aliyemuuliza habari ya chakula.

Nilijua anasema nini. Kwetu kazi ya mkubwa hairudiwi. Mzee akifunga mbuzi kamba, huendi kuivuta uone kama imekaza, maana yake umesema mikono yake imekwisha. Huyu binti akiwa mdogo aliwahi kushika nati niliyoikaza mimi akajaribu kuizungusha. Nilimpiga vidole kwa mpini wa spana. Hakurudia tena, na nilijisifu kwa watu kwamba mwanangu ana adabu.

Ijumaa lilikuja basi la Kibondo, beringi ya gurudumu la mbele inalia. Nikaitoa, nikaweka mpya, nikafunga. Abiria wamesimama juani, wamenuna. Binti akatoka ndani amevaa ovaroli yangu ya zamani.

"Baba, naomba niangalie."

"Rudi ndani."

Hakurudi. Akachuchumaa penye gurudumu, akashika, akatikisa, akaingia chini. Dereva akapiga makofi. "Mzee, leo umepata bosi!"

Watu wakacheka. Nikamwambia dereva funga mdomo, gari lako linanuka kama zizi. Nikamgeukia binti nimshike mguu nimvute nje. Mama mmoja mwenye tenga la kuku, mtu wa Buhigwe, akasema kwa Kiha, kwa sauti ya sokoni: "Mwache aangalie! Kwani wewe ndiye unayepanda?"

Binti akatoka, magoti yamejaa vumbi jekundu. "Iko sawa, baba. Kila kitu kiko sawa."

"Ulitegemea nini?"

"Sikutegemea kitu. Nimeangalia."

Hapo nikamtupia neno mbele ya watu wote wale. "Kwangu ndipo unajua kuangalia. Kwa yule wa Dar ulifumba macho, ukakaribia kuua watu."

Kicheko kikakatika. Dereva akajifanya anahesabu abiria. Binti akafuta mikono kwenye tambara, polepole, kidole kwa kidole.

"Ndiyo," akasema. "Na hivyo ndivyo ninavyoandika."

Jumapili aliandika mezani. Aliponipa, nikasoma kwa kidole kama ninavyosoma, mstari mmoja unanichukua muda wa kunywa kikombe. Hakuandika habari ya mfukoni hata kidogo. Aliandika ya kwake tu. Penye neno "sikuangalia" nikasimama, nikamwambia: "Toa hili. Sema alikulazimisha."

"Hakunilazimisha. Alinitazama tu."

"Basi usiniletee nisome!" Nikaisukuma karatasi ikaanguka chini. Akaiokota, akaipiga picha kwa simu, akaituma.

Leseni ikasimamishwa. Wakamwambia atarudia mitihani, ndipo waone. Yule mzee walipomwita tena na kumbana, akakiri, wakamfukuza kazi moja kwa moja.

Haikupita wiki mbili akanipigia simu. Namba sijui aliipata wapi. Nilikuwa gereji, mchana kweupe, mikono ina grisi.

"Wewe ndiye baba yake? Umezaa nyoka, mzee mwenzangu. Nimemfundisha kila kitu, amenivua nguo."

Mimi kumtukana mwanangu ni haki yangu. Mtu wa simu hana haki hiyo. Nikamuuliza: "Ile sili uliikuta mfukoni saa ngapi?"

"Unasemaje?"

"Saa ngapi? Ndege iliruka asubuhi. Wewe ovaroli ulivua lini?"

Nikasikia watoto wanacheza kwake.

"Nilivua jioni," akasema. "Nilikuwa nimeshafika nyumbani."

"Kwa hiyo ulikuwa na jioni nzima. Ungepiga simu moja tu."

"Kumpigia nani? Wale vijana? Miaka yote ile, leo nirudi nifungue injini mbele yao kwa sababu ya mpira?" Halafu sauti yake ikashuka. "Wewe ni fundi. Niambie, wewe hujawahi?"

Nikamwambia asinipigie tena, nikakata.

Nimewahi. Zamani, lori moja la mahindi, magurudumu ya nyuma. Nati nilizishikiza kwa mkono, mtu akaniita nje, nikaenda. Sikumbuki kurudi na spana. Hilo nililiwaza lori likiwa njiani bado, na simu nilikuwa nayo. Gurudumu lilichomoka karibu na Kibondo, mguu wa dereva ukavunjika. Watu wakasema mwendo kasi. Mimi nikasema mwendo kasi, kwa sauti kuliko wote.

Binti alikuwa nyuma yangu anaosha vyuma kwa petroli. "Nani huyo, baba?"

Nikamjibu kwa hasira, na kwa hasira hiyo hiyo nikamwambia lile lori lote, mpaka mguu. Nilidhani atalia, au atasema pole, au atanicheka. Nilikuwa tayari kwa yote matatu.

Akasema: "Dereva anajua?"

"Achana na mimi."

"Yuko hai?"

"Yuko Kibondo. Anachechemea. Achana na mimi, nimesema."

Hajaachana na mimi. Anasomea mitihani yake pale pale gereji, juu ya ndoo iliyofunikwa, na kila asubuhi akishaniamkia ananiuliza kama nimeshampigia yule dereva.