Kitambaa Hiki Hakipimi Shamba

Nilipoanza kazi Mpanda, katikati ya miaka ya tisini, niliamini kwamba najua kuandika. Shuleni insha zangu zilisomwa mbele ya darasa, na chuoni, nilikosomea wadudu waenezao magonjwa, wenzangu walinijia niwaandikie barua za kuomba ruhusa. Kwa hiyo nilipopangiwa kwenye mradi mdogo wa kupambana na ndorobo, wale inzi wa malale, na kuambiwa kwamba nitahesabu inzi, nitaandika ripoti za watafiti na matangazo ya wanavijiji, kilichonitisha ni kuhesabu inzi tu. Hayo mengine niliyaona ni mapumziko.

Mkuu wetu alikuwa mtafiti mzee, mpole wa maneno na mchoyo wa sifa, mwenye kalamu ya wino wa kijani. Pembeni mwa sentensi zangu aliandika neno moja tu: Umeona? Nikiandika kwamba ndorobo wamezidi kando ya mto, Umeona? Nikiandika kwamba wananchi wameupokea mradi kwa furaha, Umeona? Ripoti yangu ya kwanza ilirudi mezani kama shamba la mchicha. Nilimchukia kwa miezi mitatu, nasema kweli, na nilikuwa nikimwigiza kwa wenzangu akiwa ametoka.

Mitego yetu ilikuwa ya kitambaa cha bluu na cheusi, kilichoshonwa kama hema dogo na kutundikwa kwenye nguzo porini. Chini yake tuliweka chupa ya mkojo wa ng'ombe, maana ndorobo hufuata harufu hiyo. Mkojo wenyewe niliuomba mimi asubuhi kwenye mazizi ya Wasukuma, na dumu langu mkononi. Mfugaji mmoja aliniuliza, bila kutabasamu, kama hiki ndicho nilichosomeshewa na wazazi wangu miaka yote hiyo.

Mitego kumi na miwili tuliiweka pembezoni mwa kijiji kimoja cha familia zilizotoka Burundi miaka mingi nyuma, kwa sababu malale ilikuwa imeingia hapo. Sasa, ndani ya pori la miombo ukigeuka kidogo tu, kila mti unafanana na mwenzake. Mara mbili nilipotea nikitafuta mitego yangu mwenyewe. Mara ya tatu nilibeba kopo la rangi nyekundu lililokuwa stoo, nikapaka pete kwenye mti uliokuwa karibu na kila mtego. Nilijiona mjanja sana.

Halafu nikaandika tangazo na kulipigilia misumari kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Wananchi wote walitangaziwa kwamba ni marufuku kwa mtu yeyote kugusa au kuharibu mali ya mradi katika eneo lililowekewa alama, na kwamba hatua kali za kisheria zitachukuliwa. Nililipenda tangazo lile. Lilikuwa na sauti ya serikali.

Wiki mbili baadaye nilirudi kuhesabu inzi, nikakuta nguzo kumi na mbili hazina kitu. Hasira iliyonipanda siku ile bado naikumbuka ilivyokaa kifuani. Nilirudi mjini, nikachukua karatasi, nikaandika kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba mitego yote imeibwa na wakazi wa eneo hilo ili wakashone nguo. Mkuu alikuwa asafiri Alhamisi kwa treni, apeleke ripoti kwenye mkutano wa watafiti. Huko ndiko ingeamuliwa vijiji gani viendelee kupata mitego, na vitambaa vilikuwa vichache. Kijiji cha wezi kingefutwa kabla chai haijapoa. Nilijua hivyo, na nilijua kwamba watu wa kijiji kile walikuwa wodini wanaumwa malale. Niliandika hivyohivyo.

Jumatatu ripoti ilirudi na wino wake wa kijani. Nikamwambia mzee kwamba safari hii nimeona, nguzo ni tupu. Akasema basi niandike kwamba nimeona nguzo tupu. Kama nataka kuandika habari za nguo, niende nikazione hizo nguo.

Nilipanda pikipiki ya ofisi nikiwa nimenuna mpaka masikio yananiuma. Njia nzima nilikuwa najipangia maneno ya kumkabili mwizi wa kwanza nitakayemwona.

Niliyemwona wa kwanza alikuwa mama mmoja wa umri wa mama yangu, ameketi mbele ya nyumba yake anamenya mihogo. Mume wake alikuwa amelazwa mjini kwa malale, naye alikuwa amerudi siku mbili kumtafutia chakula. Alinitambua. Akanipa kigoda, akaendelea kumenya, kisha akaniuliza bila ukali wowote.

"Mwanangu, umekuja kutuambia ni lini?"

"Lini nini, mama?"

"Lini tunahama."

Sikumwelewa, akanielewesha polepole kama mtu anayezungumza na mgeni. Watu wa misitu wakitaka kuonyesha mpaka wa hifadhi hupaka miti rangi nyekundu. Kijiji kiliamka siku moja kikakuta pete nyekundu zimewazunguka, na kando ya kila pete kitambaa ambacho hawakuwahi kukiona. Wakadhani vitambaa ni vya wapimaji, mpaka unasogezwa na mashamba yao yanaingia hifadhini. Walipokuwa bado wanabishana, likaja tangazo. Alikuwa amelishika kichwani. Alinisomea lote huku kisu kikiendelea kufanya kazi, marufuku, alama, hatua kali, neno kwa neno, na mimi niliyeliandika nikatamani asifike mwisho.

"Tulishaacha nyumba mara moja," alisema. "Hapa tumepanda mpaka michikichi. Basi tukasema, wapimaji wakikosa vitambaa vyao labda watashindwa kupima."

Nikamuuliza vitambaa viko wapi. Akanawa mikono, akanipeleka kanisani, akafungua kabati la kwaya. Vilikuwa chini ya sare za waimbaji, vyote kumi na viwili, safi, vimekunjwa kona kwa kona. Nilimuuliza kwa nini hawakuvitumia. Alinishangaa kidogo, akasema si vyao, mwenyewe angekuja kuviulizia.

Niliona aibu. Nilikaa kwenye benchi la kanisa na kumweleza kile ambacho sikuwa nimemweleza mtu yeyote pale kijijini: kwamba inzi wale ndio walioleta ugonjwa wa mume wake, kwamba kitambaa kinawavuta na kuwanasa, kwamba pete nyekundu ni zangu mimi kwa kuwa napotea porini. Hili la mwisho lilimchekesha. Kisha akanitazama tena, na safari hii hakuwa anacheka.

"Sasa kwa nini hukuandika hivyo?"

Mpaka leo nikilitafuta jibu nakuta ni majivuno tu. Niliandika ili nionekane ni mtu wa ofisini. Nimeandika mengi tangu siku zile, ya wataalamu na ya magazetini, na sijawahi kuulizwa swali lililonifaa zaidi.

Tuliandika tangazo jipya palepale, yeye akisema na mimi nikiandika. Nilitaka kuanza na ndorobo ni nini. Akakataa, alisema mtu mwenye hofu hasikii habari za mdudu mpaka kwanza ajue kama shamba lake ni salama. Likaanza hivi: Kitambaa hiki kinakamata ndorobo wa malale. Kitambaa hiki hakipimi shamba. Mzee wa kanisa alikubali kulisoma ibadani, kwa Kiswahili na kwa Kirundi. Kesho yake wanawake walitwanga mkaa, wakaukoroga kwa maji, wakazisiliba pete zangu moja baada ya nyingine hadi rangi nyekundu ikapotea.

Kumbe kazi ngumu ilikuwa ripoti ya wataalamu. Jumatano asubuhi niliandika kwamba alama zilieleweka vibaya na wakazi, nikaona nimemaliza. Mkuu akasoma, akaniuliza alama ziliwekwa na nani. Nikaandika kwamba ziliwekwa na mradi. Akaniuliza mradi una mikono? Ndipo nikaandika kwamba mimi niliweka alama zinazofanana na za mpaka wa hifadhi, nikaandika tangazo lisiloeleza kazi ya mitego, na kwamba wakazi waliiondoa mitego kwa hofu ya kuhamishwa, wakaitunza yote. Aliniuliza kama nina hakika nataka jina langu likae chini ya maneno hayo, mbele ya watu ambao siku moja wangeweza kuniajiri. Nilisaini. Safari ile hakutumia kalamu yake.

Siku za kumngoja arudi sikula vizuri. Kama wangekifuta kile kijiji, wa kulaumiwa ningekuwa mimi, na nisingeweza kumtazama yule mama tena. Treni ilipomrudisha, alishuka na begi lake akaniambia kabla hata ya salamu: kijiji kimebaki kwenye orodha. Akaongeza kwamba maneno yangu yale yamejadiliwa kuliko hesabu zote za inzi, kwa sababu wengine nao walikuwa wanapoteza mitego na kuandika wizi.

Nilikwenda kijijini na nakala ya ripoti mkobani. Mume wa yule mama alikuwa amerudi, amekonda, ameketi juani. Mitego ilikuwa juu ya nguzo zake. Wanawake wenyewe waliitundika. Nilipompa mama habari, alifurahi, kisha akauliza kule kwa wakubwa niliwaandika wao vipi. Nikafungua ukurasa na kumfasiria, sentensi kwa sentensi, kosa langu na yote. Sijawahi kusoma mbele ya mkutano nikaogopa vile. Mume wake aliacha hata kujikuna.

Mama akauinamia ukurasa.

"Ni kweli," alisema. "Ila ongeza kwamba tulivifua."

Nikauweka ukurasa juu ya goti, na chini ya Kiingereza chote kile nikaandika kwa Kiswahili: vitambaa vyote kumi na viwili vilikutwa vimefuliwa.