Nukta Hazigombani na Kovu

Juzi nikinyolewa ndevu hapa Nakuru, nilimwona kwenye kioo mama mmoja akiketi kwa mchora tatuu, kijana aliyekodi kona ya kinyozi wangu. Mama alikunja mkono wa sweta polepole. Kovu la moto lilianzia kwenye kiwiko likashuka hadi karibu na kiganja, jeupe, linang'aa.

"Nataka uifunike," akasema. "Nimechoka kuulizwa niliungua aje."

Mchoraji alilipapasa kwa kidole gumba. "Mathe, zile laini nyembamba za wino zitatawanyika hapa. Nikichora sura ya mtu, itapinda. Naweza kupiga tribal, ile michoro minene nyeusi tii, lakini utabaki na mkono wa makaa." Akafikiria. "Wacha nitumie nukta. Nukta hazigombani na kovu."

Nukta kwa nukta, flamingo wakaanza kusimama kandokando ya kovu, shingo zimeinama. Kovu lenyewe aliligusa pale tu miguu yao ilipoingia majini. Kinyozi wangu alisimama na wembe hewani. Povu likanikaukia kidevuni.

"Si nilisema uifunike?" mama akauliza. Kisha akautazama mkono wake, akautazama tena. "Kumbe nimekuwa nikitembea na ziwa."

Alifungwa mkono kwa nailoni nyembamba, akatoka. Mlangoni muuza mahindi akaushika ule mkono. "Woi! Umechorewa wapi hii?"

Sisi watu wa Nakuru hatuachi kuuliza. Mama hakushusha sweta. Alijibu akituelekezea kidole sisi huku ndani, mkono wote ukiwa juani.