Mzee Nyundo Alinifundisha Namna ya Kugonga

Nilipotoka kwenye kona ya pili ya mteremko, nilimkuta baba mkwe wangu amesimama katikati ya barabara, anapunga mikono yote miwili.

Nyuma yangu nina tani ishirini na nane za vigae. Mguu uko kwenye breki mpaka chini. Lori halisimami.

Nyuma yake yeye, pikapu ya gereji imekaa kimshazari, imefunga upande wangu wote.

Jamani, nimeendesha malori miaka kumi na moja. Nimekutana na ng'ombe. Nimekutana na mlevi aliyelala barabarani, tena na mto kabisa kabeba kutoka kwake. Lakini baba wa mke wangu? Saa nne asubuhi, jua linawaka?

Ngoja nirudi nyuma kidogo ili tuelewane.

Mzee huyu kazini tulimwita Mzee Nyundo. Aliendesha malori toka mimi sijajua kusoma. Macho yalipoanza kumsumbua, kampuni ikampa ukuu wa gereji. Kila asubuhi alizunguka magari na nyundo yake ndogo, anagonga gurudumu moja moja na kusikiliza. Akiridhika anasaini karatasi ya ukaguzi. Bila sahihi yake geti halifunguliwi.

Ndiye aliyenifundisha lori. Baadaye akanipa na binti yake. Wenzangu walinitania, "Wewe usukani na mke umevichukua duka moja."

Sasa, somo lake kubwa halikuwa kuendesha. Lilikuwa kugonga.

"Kukwepa kila mtu anajua," alikuwa akiniambia. "Mimi nakufundisha siku ambayo haikwepeki. Siku hiyo hofu itakwambia kata usukani. Ukikata, tela litazunguka likusalimie mlangoni, mlale ubavu, mfagie kila aliye mbele. Kwa hiyo breki kwanza, usukani mnyoofu, halafu uchague. Uso kwa uso usikubali. Chagua kilicho laini. Kichaka kabla ya mti. Udongo kabla ya ukuta."

"Na mtu je, mzee?"

Alinichapa kofi la kisogo, na halikuwa la mchezo.

"Mtu hayumo kwenye hesabu! Hata siku moja!"

Basi. Asubuhi ya ajali, Mzee Nyundo hakugonga gurudumu hata moja.

Nilikuta karatasi imeshasainiwa. "Nenda, mwanangu, mzigo unasubiriwa," akasema, na hakuniangalia usoni. Nikajua ni lile jino, maana jana yake alilalamika jino mpaka akashindwa kula. Nikampa pole, nikapanda zangu.

Mpaka mteremko, sikuwa na habari. Nilishusha gia mapema kama nilivyofundishwa. Nikagusa breki. Kichwa cha lori kinashika, tela linanisukuma mgongoni.

Nikakanyaga tena. Wapi!

Kona ya kwanza nilipita kwa dua tu. Ya pili ndiyo hiyo niliyowaambia.

Kulia kuna basi la abiria linapanda. Nilimwona dereva wake mpaka alivyoachama mdomo. Mbele yangu mzee. Kushoto kuna mtaro, na baada ya mtaro ukingo wa udongo uliochongwa walipokuwa wanapanua barabara.

Hofu ikaniambia, kata! Mikono ilitaka, wallahi ilitaka. Nikaikatalia.

Nikaupeleka usukani kushoto kidogo kidogo, breki sijaachia. Magurudumu ya kushoto yakaingia mtaroni, ubavu wa lori ukaanza kusuguana na udongo. Kioo kikaenda. Mlango wa kushoto ukaingia ndani. Mwisho kichwa kikachimba ukingo, dashibodi ikanishukia gotini, nikasikia mfupa wangu mwenyewe.

Lori lilisimama hatua tatu kutoka kwenye pikapu. Mzee alikuwa palepale, mikono bado iko juu.

Hospitali walinitia chuma mguuni. Mzee alikuja siku ya pili na machungwa kwenye mfuko. Akanishika mkono, akalia kama mtoto.

"Pikapu ilinizimikia, mwanangu. Nilikuwa nakwambia usimame. Ungeniua."

"Nisingekuua, mzee. Si ulinifundisha?"

Akalia zaidi. Nikadhani ni shukrani. Mjinga mimi.

Wiki ya tano kampuni ikaniita. Chumba cha juu, feni inalalamika, mguu wangu umenyooshwa kwenye kiti cha pili. Walikuwepo meneja, bwana mmoja wa bima mwenye miwani, na Mzee Nyundo na kofia yake mikononi.

Swali lilikuwa moja: kwa nini sikusimama?

"Tela halikushika breki," nikasema.

Bwana wa bima akainua karatasi ya ukaguzi yenye sahihi. "Hapa inasema breki zote nzima." Akamgeukia mzee. "Wewe ulikuwa barabarani. Uliona nini?"

Mzee akaikunja kofia, akaikunjua.

"Alikuwa anasinzia. Nilimwona kichwa kimeinama. Aliniona dakika ya mwisho."

Nilicheka! Nilidhani kachanganya maneno. "Mzee, unanisema mimi?"

Akaikunja kofia tena.

Siku hiyohiyo nikafukuzwa, na leseni ikafungiwa. Dereva aliyeandikiwa kwamba alilala kwenye usukani, hakuna atakayempa hata toroli asukume. Na mimi kazi nyingine siijui. Miaka kumi na moja, kitu pekee nilichojivunia ni kwamba sijawahi kumgusa mtu.

Nikarudi nyumbani kumweleza mke wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema polepole, "Baba hajawahi kusema uongo, mume wangu. Labda ulipitiwa kidogo, bila mwenyewe kujua?"

Kile chuma cha mguuni hakikuniuma kama neno lile. Nikaanza hata mimi kujiuliza, pengine nililala kweli?

Mwezi wa tatu, natembea na gongo, nikaenda kuchukua koti na blanketi langu lililobaki kwenye lori. Mabaki yalikuwa yamelazwa nyuma ya gereji. Mlinzi ananijua, akaniacha nipite.

Koti nikalipata. Lakini nikasema, hapana, leo naingia chini. Nikalala chali, nikajivuta kwa viwiko mpaka chini ya tela.

Breki za lori zinafanya kazi kwa upepo, na upepo unafika kwenye breki ya kila gurudumu kwa mpira wake, kibomba chembamba. Tela langu lilikuwa na mipira sita. Minne ilikuwa imechomekwa bolti na kufungwa kwa ukanda wa tyubu.

Mafundi hufanya hivyo mpira mmoja ukivuja upepo njiani, ili ujikokote bila mzigo mpaka gereji. Gurudumu lake linakuwa halina breki tena. Kumpakia mtu vigae tani ishirini na nane na kumwelekeza mteremkoni, huko ni kumchimbia kaburi.

Halafu nikaliona fundo. Mizunguko mitatu, ncha imepenyezwa kwa chini, ikavutwa kulia.

Kamba ya kuanikia nguo nyumbani kwangu imefungwa fundo hilohilo. Aliifunga Mzee Nyundo, siku tuliyohamia.

Nikapiga picha. Jumapili nikamwambia mke wangu twende tukamsalimie baba. Tulipofika, mke wangu akaenda jikoni kuchemsha chai. Mimi nikaweka simu mezani mbele ya mzee, picha iko wazi.

Akaivuta karibu na macho yake.

"Vipuri havikuwepo," akasema. "Meneja akasema gari lazima liondoke. Nikajisemea, safari moja tu. Ulipotoka getini roho ikakataa. Nikachukua pikapu, nikapita njia ya zamani nikuwahi kabla ya mteremko. Nikachelewa."

"Kwa hiyo pikapu haikuzima?"

"Haikuzima. Niliiweka nikusimamishe."

Nilikosa pa kushika. Mzee huyu alihatarisha roho yake kuja kuniokoa, halafu akapanda ngazi za ofisi kunizika.

"Sasa kwa nini, baba? Kwa nini useme nililala?"

"Nimebakiza miezi minane nistaafu. Wangenifunga. Nilishindwa kukwepa, mwanangu." Akafuta macho. "Nikachagua kilicho laini. Wewe bado kijana. Nilijua utapona."

"Ulinifundisha mtu hayumo kwenye hesabu."

Akaanza kunyoosha kitambaa cha meza.

Ndipo nikasikia vikombe vinagongana. Mke wangu alikuwa mlangoni na sinia, na sijui alisimama pale toka lini.

"Tuma," akaniambia.

"Nitume nini?"

"Hiyo picha. Mtumie yule wa bima. Sasa hivi, baba akiona."

Nikatuma.

Leseni ilirudi wiki ya sita baada ya picha ile. Kampuni nyingine ikanichukua. Mzee hakufungwa, maana meneja naye alikuwa na yake ya kujibu, lakini ile miezi minane hakuimaliza. Tukikutana ananisalimia, naitikia. Kumsamehe bado. Nisiwadanganye.

Mke wangu tuliporudi alienda moja kwa moja uani, akafungua ile kamba ya nguo na kuifunga upya mwenyewe. Hajui kufunga. Nguo zinaanguka kila upepo ukivuma, na hakuna anayelalamika.

Madereva wenzangu, somo la mzee ni sahihi na nawafundisha wengine mpaka leo. Haikwepeki? Breki, usukani mnyoofu, chagua kilicho laini, na mtu hayumo kwenye hesabu. Ila wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, kwa hiyo karatasi hata iwe imesainiwa na baba wa mkeo, ingia chini ya gari uangalie kwa macho yako.

Mimi siku hizi nimenunua nyundo yangu ndogo. Kila asubuhi nagonga gurudumu moja moja, nasikiliza, ndipo napanda.