Vishikwambi vya Kutazamwa

Mimi ni Mwalimu Balbina wa darasa la nne, hapa Mlabani, na kwa kutunza vitu sina mpinzani Ifakara nzima. Sahani zangu za harusi mpaka leo hazijaonja wali. Basi shule ilipoletewa vishikwambi, watoto wajifunze kwa mwalimu na kwa video pia, mwalimu mkuu akanikabidhi mimi ufunguo wa kabati. Hapo ndipo alipokosea.

Nikavifungia na plastiki zake, juu nikatandika kitambaa cha kufuma. Kila Ijumaa nilitoa kimoja, nikakiinua, watoto wakatazama, nikarudisha. "Kwanza mkanawe mikono!" niliwafokea, na hata kugusa hawagusi. Nilijiona mtaalamu wa teknolojia, jamani!

Wiki iliyopita akaja darasani kwangu Madam Febronia kutoka halmashauri. Tulishaambiwa kwamba shule isiyotumia vishikwambi vyake inanyang'anywa, wapewe wengine. Nikafungua kabati kwa mbwembwe. Nikawasha cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Kumbe chaji inaisha hata vikiwa vimelala!

"Umeme wetu unasumbua sana, Madam," nikasema, na feni inazunguka juu ya kichwa changu.

Aliangalia feni, akaniangalia mimi. Nilitaka kulia. Ndipo Kija, binti wa wakulima wa mpunga, akanyoosha kidole. "Madam, sisi tunavyo vya kwetu."

Darasa zima likatoa maboksi ya sabuni. Wameyakata dirisha mbele, ndani wamepitisha karatasi ndefu wanayoivuta kwa vijiti. Kija akavuta taratibu: kitalu, kupandikiza, mafuriko, mavuno, vyote kachora kwa mkaa na anasimulia kwa sauti ya mtangazaji. Karatasi ikakwama. "Subirini, mtandao unazunguka," akasema, na darasa likaangua kicheko.

Madam Febronia alicheka mpaka akavua miwani. "Nani kawafundisha haya?"

"Mwalimu Balbina," Kija akajibu. Nikanyoosha shingo. "Alitukataza kugusa vyake, ndiyo tukatengeneza."

Shingo ikarudi yenyewe. Aibu niliyoipata siku ile, acha tu.

"Vishikwambi vinabaki," akasema Madam. Nikashusha pumzi. "Ila ufunguo, hapana." Akauchukua mkononi mwangu, akampa Kija.

Sasa nikitaka kufundisha kwa video, namwomba mwanafunzi wangu anifungulie. Jana nilinyoosha mkono nipokee kishikwambi, Kija akakirudisha nyuma kwa adabu zote.

"Samahani, mwalimu. Kwanza ukanawe mikono."