Sirad Ampelekea Mahat Mtoto

Garissa ilikuwa na watu wengi wa kusema "nitakwenda", lakini wa kwenda kweli walikuwa wachache. Sirad, binti wa Raho wa mtaa wa Galbet, alikuwa mmoja wao. Ilikuwa mwaka 1965, vita ambavyo serikali iliviita vya shifta vimepamba moto, na hakuna Msomali wa kwetu aliyeweza kuvuka Mto Tana bila kibali na bila kupekuliwa mpaka kwenye soli za viatu. Sirad alitaka kuvuka huo Tana, afike Mombasa, kisha apande meli hadi Aden. Tena alikuwa na mimba ya miezi minane.

Wenye busara walimwambia atulie. Hakutulia, na sababu yake haikuwa ya kitoto. Mumewe, Mahat, alikuwa kibarua katika bandari ya Aden, kwenye matishari yanayozipelekea meli maji ya kunywa. Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, alizaliwa Mahat akiwa hukohuko. Mjomba ndiye aliyemwadhinia sikioni, kazi ambayo ni ya baba kama baba yupo. Mtoto yule hakufikia hata siku ya kupewa jina, wakamzika. Mahat alipopata ruhusa ya kuja nyumbani, alikuta kaburi. Alikaa na mkewe kwa muda, akarudi kazini bila kujua kwamba ameacha mimba nyingine.

Kilichomuuma Sirad kuliko vyote ni kwamba mwanawe aliondoka duniani bila kuisikia sauti ya baba yake. Basi akaapa: huyu wa pili ataadhiniwa na Mahat, si na mtu mwingine.

"Binti huzalia kwa mama yake," alisema Raho, mama yake. "Wewe unataka kuzalia wapi, majini?"

"Hooyo, nikizalia hapa mimi nitakuwa na mama. Na mtoto je, baba yake?"

Raho alinuna kutwa nzima, akipita na kupita kama mtu aliyepoteza kitu. Jioni akafungua sanduku, akatoa shuka zake nzuri, zile za harusini, akasema, "Simama nikufunge."

Ilikuwa hivi. Wenye meli kule Mombasa walikuwa hawamchukui mwanamke aliyekaribia kujifungua. Tumbo la miezi minane halifichiki, lakini mwanamke mnene hakuna anayemuuliza amenenepa kwa nini. Raho akamzungushia bintiye shuka mgongoni, akamjaza kiunoni na nyongani, hata lile tumbo likapotea katikati ya unene. Asubuhi Sirad alishika kibali chake, akapanda lori la kubeba ngozi akionekana kama mke wa tajiri wa ng'ombe. Walipanga yote ya meli, mama na bintiye, wakasahau daraja la Tana na askari wake.

Darajani koplo aliwateremsha abiria wote. Akamtazama Sirad kuanzia juu, akatazama vile vikono vyake vyembamba, kisha akautazama mwili.

"Mama, umefunga nini humo?"

"Nguo."

"Za watu wangapi?"

Abiria walicheka, halafu wakanyamaza ghafla, maana askari wa pili alikuwa ameshaelekeza bunduki. Siku hizo risasi zilisemekana kusafiri zimefungwa kwenye miili ya wanawake. Sirad aliogopa, nisimsingizie ushujaa ambao hakuwa nao. Lakini hofu yake haikuwa na maisha marefu, na ulimi wake haukuwahi kushindwa.

"Wewe habana nishika," akamwambia koplo kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika. "Leta mwanamke. Mimi iko mtoto hapa, si risasi."

Wakamwita mke wa koplo mwenyewe kutoka kwenye nyumba za askari, akaja na unga wa ugali mikononi. Akampeleka Sirad nyuma ya lori, akafungua shuka moja baada ya nyingine, Sirad akimweleza habari za Mahat, mpaka akabaki uso kwa uso na tumbo. Akaweka mkono. Mtoto akaruka.

"Baba Ndunge!" yule mama akampigia mumewe kelele. "Hii risasi yako imenipiga teke!"

Daraja zima likaangua kicheko, koplo naye akageukia mtoni kuficha meno. Mkewe akamfunga Sirad upya, vizuri kuliko Raho alivyofunga, huku akinong'ona, "Nenda, dada. Na mimi wangu wa kwanza nilimzaa huyu bwana akiwa kazini." Huko Mombasa karani wa meli alimtazama Sirad mara moja tu, akamwonyesha ngazi.

Meli ilipotia nanga Aden, ikawa kama wameiacha Garissa wakaikuta Garissa nyingine. Waingereza walikuwa na vita vyao huko, bomu lilikuwa limelipuka mjini, na amri ikatoka kwamba hakuna abiria wa kuteremka. Alfajiri hiyohiyo uchungu ukamshika Sirad. Maryan, mfanyabiashara wa Mandera aliyesafiri naye, ndiye aliyempokea mtoto. Alikuwa msichana, mwenye sauti ya kudai haki.

Mzee mmoja Mwarabu akabisha hodi kwa heshima. "Nimwadhinie, binti yangu. Mtoto asikae hivi."

"Ahsante, baba. Ana baba yake."

"Sirad, mji umefungwa," Maryan akamwambia. "Atakufikiaje?"

"Wafunge mji wanavyotaka. Meli lazima inywe maji."

Tishari la kwanza lilikuja asubuhi. Sirad alijikokota hadi kwenye ukingo wa sitaha, akaita jina la mumewe, na wanaume wa chini wakatikisa vichwa. Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu Galbet. Mzee alisimama mbali kidogo akingoja. Sirad akajifuta machozi, akawainamia tena wale wa tishari. "Mwambieni Mahat mkewe yuko hapa. Na mtoto."

Adhuhuri tishari la pili likaja likiwa na mtu amesimama mbele kabisa, hajashika kazi yoyote, anatazama juu tu. Sirad alimjua kabla hajaiona sura yake. Mahat alirukia ngazi ya meli, lakini askari wa Kiingereza akamzuia kwa kitako cha bunduki, ikambidi arudi tisharini.

"Hawaniachi nipande!" akaita.

"Basi adhini hapohapo!"

Wenzake wakazima pampu ya maji. Sirad akainama juu ya ukingo, Maryan amemshika kiunoni, akamgeuza mtoto sikio la kulia lielekee chini. Mahat akaweka viganja masikioni, akaadhini kwa sauti yote aliyokuwa nayo, maana hapakuwa na namna ya kunong'ona. Mabaharia wakaacha kamba zao. Mtoto, aliyekuwa akilia tangu alfajiri, akanyamaza.

Alipomaliza, Sirad akamwambia, "Rudia."

"Kwani hakusikia?"

"Amesikia. Hii ya pili ni ya kaka yake."

Tishari liliyumba chini ya miguu ya Mahat. Akajifuta uso kwa mkono wa shati, akaweka tena viganja masikioni, akaanza upya.