Nusu ya Mende Kwenye Kipumulio cha Akiba

Leo nimetapika mbele ya mama mkubwa, na chakula chake hakihusiki.

Nakaa Dodoma lakini napiga mbizi. Kila likizo nashuka pwani, naingia ndani ya meli zilizozama, karibu mita arobaini chini.

Vifaa nimevitunza stoo, juu ya gunia la karanga kutoka Mlali. (Ndiyo, najua.)

Leo nafungasha, mama mkubwa akaniuliza, "Mwanangu, kule chini unapumulia nini?"

Nikachukua kipumulio cha akiba, kile cha kumpa mwenzako akiishiwa hewa. Nikakiuma, nikavuta kwa mbwembwe.

Kitu kikanikwaruza ulimi.

Nikatema kiganjani. Mende mkavu. Nusu tu, upande wa miguu ya nyuma.

Mama mkubwa akainama kuangalia. "Na kichwa kiko wapi?"

Hapo ndipo nilipotapika.

Maana kipumulio changu nakikagua kila safari. Cha akiba huwa sikihangaikii, si naona hakiingii mdomoni mwangu?

Mara ya mwisho alikitumia Neema, mwenzangu wa mbizi, mtungi wake ulipoisha tukiwa ndani ya meli. Tulipofika juu akasema, "Kuna kitu nimemeza."

Nikamwambia ni chumvi tu.

Jumamosi tunazama tena. Ameniandikia sasa hivi: "Usisahau kile cha akiba, kiliniokoa maisha."

Nyie mngemwambia? Mimi nimemjibu kwa kidole gumba, kisha nimerudi kupiga mswaki. Mara ya nne.