Maziwa Yasiyoonja Moto

Mama mkwe wangu alikuwa msafi kuliko sisi sote, na ndiyo maana ugomvi wetu wa maziwa ulikuwa mgumu. Kibuyu chake alikisugua, akakikausha, akakifukiza moshi wa majani mpaka kikanukia. Mkono usionawa haukukigusa. Ila jambo moja hakulikubali: maziwa kuchemshwa. Kwao Burundi, anayechemsha maziwa anamkausha ng'ombe aliyeyatoa. Mimi wa Uvira, Kongo, niliyekulia dagaa na ugali, ningejua nini?

Tulikuwa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, vita vya Kongo bado vikitangazwa kwenye redio za majirani, na mwanangu wa kwanza nilikuwa ndiyo naanza kumwachisha ziwa. Maziwa tulinunua kwa mfugaji mmoja Mmalawi wa kijiji cha jirani. Yalikuja kwa kabaza, baiskeli ya kubeba watu, ndani ya kidumu cha plastiki, jua likiyapiga njia nzima. Yakifika, mama mkwe aliyamimina kibuyuni kwa heshima, utadhani yametoka zizini kwake. Lakini huko kwao ng'ombe alilala karibu na mlango. Haya ya kwetu yalisafiri, na vijidudu vilipata muda mzuri wa kuzaana.

Mtoto akaanza kuhara. Nesi wa zahanati alimpa maji ya chumvi na sukari, kisha akanikataza kumpa maziwa mabichi tena. Niliogopa sana; macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani. Asubuhi iliyofuata nikainjika sufuria mbele ya kila mtu. Mama mkwe akatoka nje, asishuhudie.

Wiki hiyohiyo, amini usiamini, yule ng'ombe akaacha kutoa maziwa.

"Si nilikuambia? Umemukausha ng'ombe ya watu!" mama mkwe akasema, na nadhani alifurahi kidogo.

Akanikokota hadi kwa mfugaji kuomba msamaha. Njia nzima alinisema, nami sikunyamaza. Mfugaji alitusikiliza kwa adabu, halafu akaangua kicheko. Ng'ombe ana mimba, alisema, yuko karibu kuzaa, ndiyo maana hakamwi. Tena nyumbani kwake maziwa yanachemshwa kila siku.

Mama mkwe akamwambia zikomo, yaani asante kwa Kichewa, akageuka. Hakusadiki hata chembe.

"Mimba ni mimba," aliniambia njiani, "na moto ni moto."

Mume wangu alikuwa akienda Lilongwe, Old Town, kununua vitambaa vya kushona, kwa hiyo kwa muda akatuletea maziwa ya pakiti. Nayo yalishachemshwa kiwandani, lakini mama mkwe aliyanywa bila kinyongo.

"Ng'ombe yake mi simujue," alisema. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kisha ng'ombe akazaa, na ndama aliposhiba kidumu kikaanza kuja tena. Nilijiandaa kwa mapambano. Lakini siku ya kwanza, niliporudi kutoka bombani, nilimkuta mama mkwe amepiga magoti jikoni, sufuria iko motoni, anakoroga maziwa yasifurike huku akiomba Mungu kwa Kirundi. Machozi yalimtoka. Alisema ni moshi.

"Mama, sasa umeamini?"

"Hapana. Atakauka tu, masikini." Akaendelea kukoroga. "Lakini ng'ombe nilisha kupoteza bengi, na niko muzima. Mujukuu siwezi."